Nusu Saa ya Baroko Dunguni

Jumatatu, 13 Machi 1995. Ifakara

Kaunta buku hii nimepewa na mtu niliyemfundisha mimi kushika kalamu. Sista Agnella, ambaye leo ni muuguzi wa wadi ya macho, alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la pili, na nilimchapa mara mbili kwa kuchelewa namba. Leo yeye ndiye aliyeninyooshea kidole.

"Mwalimu Eustaki, vidonge unameza, sikatai. Lakini na hasira nazo unazilisha asubuhi, mchana na jioni. Sasa tufanyeje?"

Presha: 190 kwa 110.

Niandike masharti yote hapa ili asije mtu akasema sikuelewa. Jicho la kulia haliambulii kitu ila mwanga. La kushoto linaona ukungu, na ndani ya ukungu huo watu ni vivuli vyenye sauti. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari bingwa huja mara moja kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Julai. Mwaka jana nilikwisha panda kitandani, nimevishwa na lile joho la kijani, wakapima presha ikafika 200. Nikashushwa mbele ya wagonjwa wenzangu kumi na mmoja. Nilirudi nyumbani nimeshikwa mkono na Balbina, mke wangu, na siku mbili sikusema na mtu. Mwaka huu daktari ameacha ujumbe: ikizidi 160 kwa 95, hanigusi. Na kwa jinsi hili la kushoto linavyofifia, mwakani nitakuwa mtu wa kuongozwa kwa fimbo.

Dawa mpya ni redio ya kaseti na kanda moja. Sista alisomea uuguzi Austria miaka mitatu, ndiko alikoitoa. Ubavuni ameandika kwa herufi kubwa ili nizione: BAROKO. Ni muziki wa Ulaya wa miaka mia tatu iliyopita, wa fidla na vinanda, hauna maneno. Nisikilize nusu saa kila siku, saa kumi alasiri, nimelala chali, sisemi, sifanyi kazi. Kisha niandike nilichosikia.

"Sista, mimi nimeongoza kwaya miaka ishirini na saba. Muziki usio na maneno ni wa kungojea wageni."

"Basi ngojea wageni, Mwalimu," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Jumatano, 15 Machi. Bondeni

Tumehamia shamba, mimi na Balbina. Ni bondeni upande wa Kivukoni, ekari tatu za mpunga, na dungu letu la miti la kufukuzia ndege, lenye ngazi ya vipago saba. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Redio nimeifunga ndani ya mfuko wa mbolea.

Alhamisi, 16 Machi

Nimesikiliza. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 17 Machi

Nimesikiliza. Kuna kinanda kimoja kinalia kama kuku wanaodonoa mchele juu ya bati. Nimesinzia.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua. Balbina anasema napiga kelele hata nikilala. Nimemwambia si kweli. Nilimwambia kwa sauti kubwa, nakiri.

Jumanne, 28 Machi

Imekuja habari kutoka Lupiro: binti yetu Aurelia amejifungua mapacha, na hali yake ni dhaifu. Balbina amefunga kanga zake akaenda kuwahi kivuko kabla mto haujafurika.

"Baba Aurelia, nitakuachaje na macho hayo?"

"Nenda. Masikio ninayo."

Nilijibu kishujaa. Alipoondoka nikakaa kwenye ngazi nikajihurumia kama mtoto. Mpunga utatoa masuke mwezi ujao, na ndege wataufuata. Mtu asiyeona ataamiaje ndege?

Jumanne, 4 Aprili

Leo nimekasirika, na lazima niandike kwa kuwa Sista amesema niandike yote.

Saa kumi nilikuwa nimelala chali kama nilivyoamriwa. Fidla zinafukuzana. Chini ya fidla nikasikia kitu kisichokuwa muziki: kutafuna. Nikainuka. Ng'ombe! Walikuwa wameingia pembe ya chini ya shamba, sijui wangapi, nawasikia wakivuta mpunga wangu na kupuliza pua. Nilishuka ngazi bila kuhesabu vipago, nikaanguka kwenye kile cha mwisho, nikasimama nikitukana.

Akatokea kivuli kirefu chenye kofia ya pama na fimbo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Shikamoo yako haijazi gunia!"

Nilimwita mzururaji, nikamwita mwizi, na majina mengine ambayo mwanakwaya hapaswi kuyajua. Nilisema kijana aliyelelewa na wazazi hachungi huku amelala. Kivuli kilisimama palepale. Kina sauti nyembamba, ya upole, na lafudhi ya Kisukuma. Nilipoishiwa pumzi kikasema, "Ng'ombe zimeingia, mwalimu, kosa ni langu. Niambie nifanye nini."

Nikamwambia pembe nzima iliyokanyagwa airudishie miche, kwa mikono yake, kesho. Alisema anaitwa Kija, wamefika na ng'ombe kutoka Shinyanga mwaka juzi. Nikamwambia sikuuliza.

Kichwa kinagonga hadi sasa ninapoandika. Kanda iliendelea kuimba peke yake dunguni mpaka ikaisha.

Jumatano, 5 Aprili

Kija amekuja kweli. Alianza kwa shikamoo, nikaitikia marahaba bila kumtazama, ingawa kumtazama kwenyewe kungesaidia nini? Ameinama matopeni asubuhi hadi alasiri akirudishia miche. Nilipita na miguu nikipapasa mistari. Imenyooka kuliko yangu.

Saa kumi nikawasha redio. Akaomba akae chini ya dungu asikilize. Nikamwambia sharti ni kunyamaza. Alinyamaza vizuri sana, ilinibidi niinamishe kichwa nione kama kivuli bado kipo. Kanda ilipoisha akasema:

"Mwalimu, hiyo sauti ya chini ndiyo mchungaji."

"Mchungaji gani?"

"Zile za juu ni ng'ombe. Zinakimbia, zinapigana pembe, nyingine inajitenga. Ile ya chini haiharakishi. Inatembea tu. Lakini mwisho zote zinarudi kwake."

Nimeongoza kwaya miaka ishirini na saba, na siku zote besi nilikuwa nawapanga nyuma, wale wasiojua kuimba. Nilirudisha kanda kwa kuizungusha na kalamu ya biki, maana betri ni za kubania, nikasikiliza tena sauti ya chini peke yake. Ni kweli. Inatembea hatua kwa hatua kama mtu anayejua anakokwenda, na hakuna anayemharakisha.

Nimeona wivu kwamba si mimi niliyeisikia kwanza.

Jumatatu, 10 Aprili. Kliniki

Kija amenipeleka mjini kwa baiskeli yake, mimi nimekaa nyuma kwenye keria. Njia ni tope tupu. Alihema sana pale kwenye mwinuko wa tuta. Nikamtania, "Kijana mzima unahema kwa maili tano!" Akacheka mpaka baiskeli ikayumba.

Sista Agnella alitokea mlangoni akasema, "Shikamooni." Nilifikiri moyoni kwamba utawa umemfanya mnyenyekevu kupita kiasi.

Presha: 186 kwa 108. "Inashuka kwa kuchechemea," Sista akasema. Akaniuliza nasikia nini siku hizi. Nikamwambia nasikia besi. Akaweka kalamu chini. Alisema huko Austria mwalimu wake wa kinanda alimchapa vidole kwa kutosikiliza besi. Nikafurahi kujua kuna mwingine aliyemchapa.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Mto umefurika, sijaweza kwenda misa. Nimepiga kanda pande zote mbili badala ya misa. Mungu anajua barabara ilivyo.

Jumamosi, 22 Aprili

Betri zimechoka, fidla zinaimba kama zimelewa. Nimezianika juu ya paa la dungu tangu saa tatu. Saa kumi zikaamka. Kija ameleta kibuyu cha maziwa mgando. Anapenda sana upande B, wimbo wa tatu, ule wa fidla mbili zinazojibizana. Anasema ni mke na mume. Anasema, "Mimi mwalimu nimeona mengi, na njaa nyingi nimeziona." Vijana wa siku hizi wanapenda kujikuza.

Jumapili, 30 Aprili

Mpunga umetoa masuke. Nimeyapapasa, yamejaa maziwa. Ndege wachache tu, chuchumbwe wa kawaida, nimewafukuza kwa kombeo. Naurusha udongo kule ninakosikia sauti. Nimeandika besi ya wimbo wa kwanza kwa sol-fa, ili niijue: d t l s, halafu f m r s, na kurudi d. Basi, ni hiyo tu. Miaka mia tatu watu wanajengea nyumba juu ya mawe manane.

Jumatatu, 8 Mei. Kliniki

176 kwa 104. Sista amecheka na mimi nimecheka. Kija alikuwa anatetemeka miguu kwa uchovu wa baiskeli, nikamwambia ale ugali zaidi.

Alhamisi, 11 Mei

Jirani amepita kwa mtumbwi akisema kwelea kwelea wameonekana upande wa juu. Shamba moja limekwisha kwa siku mbili, yamebaki makapi.

Sijalala vizuri. Leo nimefunga kamba nne kutoka dunguni, moja kila upande wa shamba, na kila kamba nimeining'iniza makopo. Nilipokuwa nafunga nikagundua kila kopo lina sauti yake. Nikabadilishabadilisha mpaka yakakaa sawa. Kaskazini makopo ya maziwa ya watoto, soprano. Mashariki makopo ya kahawa, alto. Kusini sufuria bovu la Balbina, sauti ya teno (hataona, atakuta limekwisha). Magharibi debe la mafuta, besi.

Ijumaa, 12 Mei

Nitaandika hadi mkono uchoke.

Walikuja saa tisa na nusu. Nilianza kuwasikia kabla sijaamini: mvumo, kama mvua inayovuka mto, lakini mvua haina milio ndani yake. Kisha mwanga ukapungua kwenye jicho langu la kushoto. Hapo nikajua ni wengi kiasi cha kuziba jua.

Nilipiga kelele. Nilifanya kile ambacho babu yangu alifanya na baba yangu alifanya, nikasimama juu ya dungu nikapiga mayowe, nikarusha kombeo, nikavuta kamba hii, nikakimbilia ile, nikaikosa, nikajikwaa kwenye chungu. Wakishuka kusini mimi niko kaskazini. Nilisikia masuke yakikatwa, tik, tik, tik, maelfu. Nikalia kwa hasira. Nikawatukana ndege, nikamtukana Balbina kwa kuwa Lupiro, nikamtukana daktari bingwa. Ghafla kichwa kikagonga namna ambayo sijawahi, masikio yakalia, na mguu wa kushoto ukawa kama si wangu. Nikakaa chini. Niliogopa. Nilijiambia, Eustaki, unakufa hapa kwa ajili ya mpunga, hujafika hata Julai.

Mkono wangu ukaangukia redio. Ilikuwa saa kumi. Nikabonyeza.

Nimesema ukweli humu siku zote, na huu pia ni ukweli: sikuwasha ili nifukuze ndege. Niliwasha ili nisife nikiwa natukana.

Mchungaji akaanza kutembea. D, t, l, s. Nikapumua kwa hatua zake, kuvuta hatua nne, kutoa hatua nne. Kichwa kikapungua kugonga. Na kwa kuwa kamba zilikuwa zimefungwa kwenye nguzo pembeni ya kichwa changu, mkono mmoja ukavuta debe, kwenye hatua ya kwanza. Gudum. Hatua ya tatu nikavuta sufuria. Nikakaa katikati ya kamba zangu nne bila kuinuka, nikafumba hata hili jicho lenye mwanga kidogo, nikasikiliza.

Mtu anayeona huwafuata ndege kwa macho, nao humdanganya, maana wakiruka mbele wenzao wanashuka nyuma. Mimi niliwasikia wote kwa pamoja. Kabla kundi halijatua, mbawa hubadilika sauti, zinakuwa nzito na fupi. Nilipoisikia ile sauti mashariki, nikavuta alto kabla mguu wa ndege haujagusa suke. Wakahamia kaskazini, soprano ikawapokea. Magharibi, debe. Sikupiga kelele hata moja. Besi haikuharakisha nami sikuharakisha. Upande A ukaisha, nikageuza kanda kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiendelea kuvuta.

Wakapanda, wakashuka, wakapanda tena. Karibu na saa kumi na mbili mvumo ule ukakusanyika juu yangu mara ya mwisho ukaondoka kuelekea mtoni. Hawakutua tena.

Kija alifika anakimbia na fimbo yake. Alikuwa ameona wingu la ndege kutoka malishoni. Alizunguka shamba lote akarudi. "Mwalimu, wamekula pembe ya kusini tu, kama hatua ishirini. Huko kote kuzima."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikainua mikono yote miwili pale dunguni kama ninavyofanya kwaya ikimaliza wimbo vizuri, nikaiteremsha taratibu. Nina miaka sitini na miwili, na sikumbuki siku nyingine niliyojivunia kiasi hiki.

Jumamosi, 13 Mei

Wamerudi asubuhi na alasiri. Tumewaimbia.

Jumapili, 14 Mei

Vilevile.

Ijumaa, 19 Mei

Hawaji tena. Jirani wa mtumbwi ameomba nimfundishe kufunga makopo.

Jumatatu, 5 Juni. Kliniki

166 kwa 98. Imebaki kidogo. Sista alisoma ukurasa wa kwelea mbele ya wauguzi wenzake. "Mwalimu, nilisema usifanye kazi wakati wa kusikiliza."

"Ndege hawakusoma masharti yako."

Kija alipiga magoti kuangalia gurudumu lililotoboka. Nilimsikia akiinuka kwa kushikilia ukuta. Nikamwambia kazi ya baiskeli imemshinda mapema. Sista alitaka kusema neno, Kija akamwahi, "Sista, tunaondoka, jua linatuchoma."

Jumatano, 14 Juni

Redio imekula kanda.

Tulikuwa kwenye ule wimbo wa mke na mume. Fidla zikanyong'onyea, zikavutika, kisha mlio kama wa paka, kisha kimya. Kija akafungua kimlango. Mkanda umejizungusha ndani ya chuma mara nyingi kama uzi wa nyavu, umekatika sehemu mbili, na sehemu kubwa umekunjamana. Nilichukua redio ya Sista kwa mikono miwili nikaiinua niitupe majini. Zimebaki wiki tatu. Wiki tatu tu!

"Mwalimu," Kija akasema, "ukiitupa, utanyamaza na wewe?"

"Unasemaje?"

"Mchungaji amekufa ndani ya hiyo. Kwako amekufa?"

Nilikaa na redio mapajani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nimewaambia watoto methali hiyo darasani pengine mara mia tano, na leo ndiyo siku ya kwanza niliyoihitaji. Nikafungua kaunta buku kwenye ukurasa wa tarehe thelathini Aprili. Herufi zangu ni kubwa kama za darasa la kwanza, nilizisoma. D, t, l, s.

Nikamfundisha Kija besi. Hajui sol-fa, akaimba kwa "mm". Sauti yake, ile nyembamba ya kusemea, ikiimba inashuka mahali ambapo besi wangu wa kanisani hawajawahi kufika. Nikashangaa. Juu yake nikaweka fidla ya kwanza kwa kadiri ninavyoikumbuka, na pale nilipoisahau nikatunga. Tuliimba nusu saa kamili. Jirani alisimamisha mtumbwi wake kusikiliza.

Nilimwita mtu huyu mwizi mwezi Aprili. Naona haya.

Jumatatu, 26 Juni

Tunavuna. Ndugu wa Kija wametusaidia. Tunaimba besi huku tunakata, mundu unakwenda nayo.

Alhamisi, 29 Juni

Gunia kumi na tisa. Mwaka jana, nilipokuwa naona zaidi, zilikuwa kumi na moja. Balbina amerudi mjini na mapacha na Aurelia, ametuma salamu kwamba tutakutana hospitali.

Jumatatu, 3 Julai. Hospitali

Nilioga, nikavaa shati la Pasaka ambalo Pasaka sikulivaa. Kija kanileta. Koridoni kulikuwa na benchi, harufu ya spiriti, na wagonjwa wanaoitwa kwa majina. Nilipoisikia ile harufu nikakumbuka joho la kijani na wale watu kumi na mmoja. Sista akanifunga mkononi kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo.

"Mia moja sabini na nne, Mwalimu."

Sikutukana. Nilitaka kulia tu. Gunia kumi na tisa, miezi minne ya kulala chali, na harufu ya spiriti imenishinda.

"Nitapima tena baada ya nusu saa," Sista akasema. "Daktari ameruhusu mara moja. Kaa pale. Pumzika."

Mtu akiambiwa apumzike na wakati huohuo maisha yake yanangojewa, atapumzikaje? Nikakaa kwenye benchi. Kija akakaa kando yangu. Hakuniambia nisiogope. Aliweka kofia yake magotini na akaanza, chini kabisa, ili wengine wasisumbuke: mm, mm, mm, mm. D, t, l, s.

Niliegemea ukuta. Nikavuta pumzi hatua nne, nikatoa hatua nne. Fidla ya kwanza ikaja yenyewe kichwani, kisha ya pili ikamjibu mumewe, kisha kile kinanda cha kuku wanaodonoa, ambacho sasa nakipenda. Nikawa dunguni. Mtu akaitwa, mtoto akalia, ndoo ikagongwa, yote yalipita juu kama ng'ombe wanaozurura, na mchungaji alikuwa anatembea chini. Sijui nusu saa ilikwisha lini. Nilisikia kitambaa kinanibana mkono nikadhani ni Balbina.

"Mia moja arobaini na nane kwa themanini na nane," Sista Agnella akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili aliyepata vyote. "Mwalimu! Themanini na nane!"

Nikainua mikono yote miwili koridoni.

Jumanne, 4 Julai

(Anaandika Balbina, nimemwambia aandike nini.) Wamefanya jicho la kulia. Sikusikia maumivu. Wameweka kioo kidogo ndani. Daktari aliuliza kwa nini mgonjwa anaimba. Bandeji mpaka kesho.

Jumatano, 5 Julai

Naandika mwenyewe. Tazama herufi hizi zilivyo ndogo!

Sista alifungua bandeji saa mbili asubuhi. Kwanza mwanga, machozi, kisha dirisha. Dirisha lina nondo sita. Nilizihesabu kwa sauti. Kisha Sista: ana mwanya, na amezeeka kidogo, kumbe na wanafunzi huzeeka. Kisha Balbina wangu, amesimama ameshika kanga mdomoni. Nilimtazama kwa muda mrefu mpaka akasema, "Baba Aurelia, watu wapo." Alikuwa mzuri. Nikamwambia hivyo mbele yao.

Nikauliza, "Kija yuko wapi? Mwiteni kijana aingie."

Balbina na Sista wakatazamana. Niliona wakitazamana, mimi!

Mlangoni akaingia mtu mrefu, mwembamba, ameshika kofia ya pama mkononi. Nywele zake ni nyeupe zote, nyeupe kama pamba ya kwao Shinyanga. Mashavu yamebonyea. Mikono ina mishipa iliyosimama, mikono iliyorudishia miche yangu. Nilitazama nyuma yake nimwone Kija.

"Shikamoo, mwalimu," akasema yule mzee, kwa sauti ileile nyembamba.

Nilihisi uso wangu unawaka moto.

"Ulizaliwa mwaka gani?" nikamuuliza.

"Sijui mwaka. Wewe?"

"Thelathini na tatu."

Akahesabu kidogo. "Mwaka huo nilikuwa tayari nachunga peke yangu."

Miezi mitatu! Miezi mitatu huyu mtu ananiamkia, mimi naitikia marahaba kama mfalme. Amenibeba kwenye keria maili tano kwenda na tano kurudi, mara tatu, na ya nne kunileta hapa, anahema, na mimi nyuma namtania ale ugali.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza ng'ombe zangu zilikuwa ndani ya mpunga wako," Kija akasema. "Mwenye kosa haulizi umri. Na baadaye nikaona kila nikikuamkia, unatulia. Sista alisema wewe unatakiwa kutulia."

Sista Agnella alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nilitaka kucheka na kulia, nikafanya vyote. Kisha nikashuka kitandani, ingawa nilikatazwa, nikasimama mbele yake wima, nikamtazama usoni kwa jicho langu jipya ili asije akadhani nimekosea tena.

"Shikamoo, kaka Kija."

Alichukua muda wake. Haharakishi, huyu.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. Akavaa kofia. "Sasa ukipona, baiskeli utaendesha wewe."

Jumamosi, 12 Agosti. Njia ya Kivukoni

Nimeendesha. Maili mbili tu, halafu nikashuka nikihema na kucheka. Kija nyuma kwenye keria, ameshika besi.